MASHINE INAYOANDIKA PROGRAMU, NA FUNDI ANAYETIA SAHIHI

Masomo ya Redio kwa Watu Wazima
Mfululizo wa "Kazi na Ufundi"

(Maneno haya ni yale yale yaliyosomwa katika redio. Mwalimu wa darasa ayasome kwanza polepole, kisha wanafunzi wasome kwa zamu, kila mtu kifungu kimoja.)

 

Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya seremala, fundi cherehani na fundi wa umeme. Leo tutazungumza juu ya fundi ambaye wengi wetu hatujapata kumwona akiwa kazini, lakini kazi yake tunaitumia kila siku. Fundi huyo ni yule anayetengeneza programu za kompyuta.

Miaka hii imetokea mashine ambayo yaweza kuandika programu yenyewe. Basi watu wanauliza: Je, fundi huyu atabaki na kazi gani? Na sisi tunaotumia kazi yake, jambo hili latuhusu nini? Hayo ndiyo maswali yetu ya leo.

PROGRAMU NI NINI

Programu ni orodha ya amri. Kompyuta, hata ile ndogo iliyo ndani ya simu ya mkononi, hufuata amri moja baada ya nyingine kama zilivyoandikwa. Haiongezi wala haipunguzi.

Tuseme unataka kumpelekea mama yako shilingi 10,000 kwa simu. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, imewazoesha watu wengi jambo hili. Wewe unabonyeza namba chache tu. Lakini huko ndani ya mtambo kuna programu inayofuata amri. Tuzifikirie kuwa ni kama hizi:

Kwanza, tazama kama namba ya siri ni sahihi.
Pili, tazama kama fedha zinatosha.
Tatu, punguza 10,000 katika hesabu ya mpelekaji.
Nne, ongeza 10,000 katika hesabu ya mpokeaji.
Tano, wapelekee wote wawili ujumbe.

Programu ya kweli ni ndefu mno kuliko hiyo, lakini njia yake ni hiyo hiyo. Sasa tazama. Orodha yetu yaonekana nzuri. Lakini fundi mwenye ujuzi akiisoma atauliza: "Je, mtambo ukizimika baada ya amri ya tatu, kabla ya amri ya nne?" Hapo fedha zitakuwa zimekwisha kutoka kwako, wala hazijafika kwa mama. Kwa hiyo fundi ataongeza amri nyingine: amri ya tatu na ya nne ziende pamoja, ikishindikana moja, zote mbili zifutwe, na kila hesabu irudi kama ilivyokuwa.

Kuandika amri hiyo si kazi kubwa. Kazi kubwa ilikuwa kulifikiria lile swali. Shikeni jambo hili, maana somo letu lote limesimama juu yake.

(Mwalimu: simama kidogo hapa. Waulize wanafunzi: Ni jambo gani jingine laweza kuharibika mtu anapopeleka fedha kwa simu?)

KAZI HII IMEPATA KUBADILIKA ZAMANI

Si mara ya kwanza watu kusema kwamba mashine itaandika programu badala ya mtu.

Mwaka 1946, huko Philadelphia katika nchi ya Marekani, watu walionyeshwa mashine kubwa ya kuhesabu iliyoitwa ENIAC. Mafundi wake wa kwanza wa programu walikuwa wanawake sita. Ili kuipa mashine hiyo kazi mpya, walichomeka nyaya na kugeuza swichi kwa mikono yao, na huenda kazi hiyo ikawachukua siku nyingi.

Mwaka 1952 Bibi Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani aliyetumika pia katika jeshi la majini, alitengeneza programu iliyoifanya kompyuta yenyewe kukusanya na kupanga vipande vya amri. Kazi hiyo hapo kwanza ilifanywa na watu kwa mkono. Kisha mwaka 1957 kampuni ya IBM ikatoa lugha iitwayo FORTRAN, iliyotengenezwa na mafundi wakiongozwa na Bwana John Backus. Kwa lugha hiyo mtu aliandika hesabu kwa alama zinazokaribiana na zile za shuleni, na mashine ikazitafsiri ziwe amri zake.

Je, mafundi walikosa kazi? La. Walizidi kuwa wengi. Kwa nini? Kwa sababu programu ilipokuwa rahisi kutengeneza, watu waliohitaji programu waliongezeka: mabenki, mashirika ya ndege, hospitali, viwanda, na mwisho kila mtu mwenye simu. Kitu kikishuka bei, mara nyingi hununuliwa zaidi.

Lakini tusifanye haraka kusema kwamba safari hii mambo yatakuwa vile vile. Kuna tofauti moja kubwa. Ile mashine ya kutafsiri ya mwaka 1957 ilifuata kanuni. Ukiipa maneno yale yale, ilikupa tafsiri ile ile. Ndiyo maana fundi aliweza kuiamini, na baada ya muda mafundi wengi hawakuona haja ya kuisoma tafsiri hiyo. Mashine mpya haiendi hivyo. Hebu tuitazame.

MASHINE MPYA HUFANYAJE KAZI

Mashine mpya huitwa akili bandia. Watengenezaji wake waliilisha maandishi mengi sana, pamoja na programu nyingi zilizoandikwa na watu kwa miaka mingi. Mashine ikajifunza jinsi neno moja linavyofuatana na jingine. Ukiiambia kwa maneno ya kawaida, "Niandikie programu ya kupeleka fedha," inakisia neno la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, mpaka programu imekwisha.

Kukisia huko ni kwa ustadi mkubwa, na mara nyingi matokeo yake ni mazuri. Lakini ni kukisia. Ukiuliza swali moja mara mbili, waweza kupata majibu mawili mbalimbali. Mara nyingine mashine hutaja kifaa ambacho hakipo duniani, na hukitaja bila kusitasita, kama mtu anayekuonyesha njia ya kijiji ambacho hajapata kukifika.

Chombo kimoja cha namna hii, kiitwacho GitHub Copilot, kilianza kujaribiwa na watu mwaka 2021 na kuuzwa mwaka 2022. Mwisho wa mwaka huo huo ikatokea ChatGPT. Baadaye vikaja vyombo vinavyoandika programu, kuiendesha, kuona makosa, na kujaribu kuyarekebisha bila kungoja mtu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024, mkuu wa kampuni ya Google, Bwana Sundar Pichai, alisema kwamba zaidi ya robo ya programu mpya za kampuni hiyo huandikwa na akili bandia. Lakini aliongeza kwamba mafundi wa kampuni huzisoma na kuzikubali kwanza.

Angalieni sehemu ya pili ya maneno yake. Mashine inaandika, mtu anasoma na kukubali.

JE, KAZI HUENDA UPESI ZAIDI

Watu wamelipima jambo hili, na majibu yao hayafanani.

Katika jaribio moja la mwaka 2022, mafundi 95 walipewa kazi moja ndogo na mpya. Baadhi yao walipewa kile chombo cha Copilot, na wengine hawakupewa. Waliopewa walitumia muda pungufu kwa zaidi ya nusu. Jaribio hilo lilifanywa na wataalamu ambao baadhi yao walikuwa watu wa kampuni zinazokiuza chombo hicho.

Katika jaribio jingine la mwaka 2025, shirika la METR la Marekani liliwachukua mafundi 16 wenye ujuzi wa miaka mingi. Hawa walifanya kazi 246 katika programu kubwa walizokuwa wakizijua vizuri. Kazi nyingine walizifanya kwa kutumia akili bandia, nyingine bila kuitumia. Walipomaliza, walisema kwamba akili bandia iliwaongezea mwendo kwa asilimia 20. Lakini saa ilisema vingine. Walipoitumia, walichelewa kwa asilimia 19.

Majaribio haya mawili yatufundisha nini? Kazi ikiwa ndogo na mpya, kuandika ndiko kunakokula muda, na mashine inaandika upesi. Lakini programu ikiwa kubwa na ya siku nyingi, yenye kujuana na mambo mia, fundi hutumia muda wake kuisoma kazi ya mashine, kuirekebisha na kuitupa. Ni kweli vyombo vile vilikuwa vya mwanzo wa mwaka 2025, na tangu hapo vimezidi kuendelea. Hata hivyo fundisho moja linabaki: mtu aweza kujiona anakimbia, kumbe anatambaa. Ni lazima kupima.

KARANI WA BARUA

Sasa nitatoa mfano ambao ninyi mnaosoma katika madarasa haya mnaujua kuliko watu wengi.

Mtu asiyejua kusoma akitaka kupeleka barua au kuandika mkataba wa shamba, humwendea karani. Yeye husema, na karani huandika. Barua ikiisha, karani humsomea, naye hutia dole gumba. Karani akiwa mwema na mwenye akili, mambo huenda sawa. Lakini akiwa amesikia vibaya, au ameandika "heka tatu" mahali pa "heka nne", mwenye shamba hatajua. Dole lake liko chini ya maneno asiyoyajua, na siku ya baraza dole hilo ndilo litakalomfunga.

Mtu huyo akijifunza kusoma, je, karani amekuwa hana kazi? Hasha. Huenda bado akamwendea, kwa sababu karani anaandika upesi na kwa mwandiko mzuri. Lakini sasa mambo yamegeuka. Ataichukua karatasi mwenyewe na kuisoma mstari kwa mstari. Atasema, "Hapa futa, andika nne." Kisha atatia sahihi, na sahihi hiyo itakuwa yake kweli.

Basi akili bandia ni karani wa namna hiyo. Anaandika upesi mno, hachoki, na mwandiko wake wapendeza. Lakini shamba si lake. Makosa yakitokea hatasimama barazani. Fundi wa programu asiyeweza kuisoma kazi ya mashine ni sawa na mtu anayetia dole gumba. Fundi anayeweza kuisoma, kuihoji na kuisahihisha, huyo anatia sahihi.

Kwa hiyo kazi ya fundi inahama. Hapo zamani sehemu kubwa ilikuwa kuandika. Sasa sehemu kubwa itakuwa ni kujua kinachotakiwa, kuuliza maswali kabla ya kuanza, kusoma kilichoandikwa, kukijaribu kwa ukali, na kukubali lawama kikiharibika.

Hesabu za Idara ya Kazi ya Marekani zaelekea upande huo huo. Idara hiyo hukadiria idadi ya kazi kwa miaka kumi ijayo. Kwa miaka 2024 hadi 2034 imekadiria kwamba watu wanaobuni na kupima programu, ambao mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 1,800,000, wataongezeka kwa asilimia 15. Lakini wale ambao kazi yao hasa ni kuandika amri zilizokwisha kubuniwa na wengine, ambao ni wachache zaidi, watapungua kwa asilimia 6. Makadirio si ahadi. Lakini yaonyesha kwamba kuandika peke yake si ngao tena.

(Mwalimu: simama hapa. Mwulize mwanafunzi mmoja aeleze kwa maneno yake tofauti ya kutia dole gumba na kutia sahihi.)

MWANAGENZI ATAJIFUNZIA WAPI

Mpaka hapa habari yetu yaonekana njema. Lakini liko jambo la kututia wasiwasi, na ni vizuri tulitazame uso kwa uso.

Fundi cherehani hakuzaliwa na ufundi. Alianza kwa kushona vifungo na kukunja pindo. Kazi hizo ni ndogo, lakini ndizo zilizomfundisha mkono na jicho. Leo akilitazama koti lililoshonwa na mwingine, anaona kosa mara moja, kwa sababu yeye mwenyewe amelifanya kosa hilo mara mia.

Fundi wa programu naye hukua hivyo hivyo. Mwanagenzi hupewa kazi ndogo ndogo, hukosea, husahihishwa na mkubwa wake, na baada ya miaka huwa na jicho la kuona kosa. Sasa kazi hizo ndogo ndizo ambazo akili bandia inaziweza zaidi. Mwenye kampuni aweza kusema, "Kwa nini nimlipe kijana kwa kazi ambayo mashine inaimaliza kwa dakika mbili?"

Mwaka 2025 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walichunguza hesabu za mishahara ya wafanyakazi wengi wa Marekani. Waliona kwamba mafundi wa programu wenye umri wa miaka 22 hadi 25 wamepungua kwa karibu asilimia 20, kuanzia mwisho wa mwaka 2022 hadi mwezi wa Julai mwaka 2025. Wale wenye umri mkubwa zaidi hawakupatwa hivyo. Wako wanaosema kwamba sababu si akili bandia peke yake. Wanakumbusha kuwa kampuni nyingi ziliajiri watu kupita kiasi wakati wa Korona, na kwamba riba ya mikopo ilipanda baadaye. Huenda sababu zote zina sehemu yake. Lakini tukio lenyewe si dogo.

Tazameni hatari iliyopo. Leo mashine inawahitaji mafundi wakubwa wa kuisoma kazi yake. Mafundi hao walikuwa wanagenzi jana. Kama leo hatuwachukui wanagenzi, kesho mafundi wakubwa watatoka wapi? Mwenye shamba akila mbegu yote mwaka huu, tumbo litashiba. Lakini masika yajayo atapanda nini?

Kwa hiyo kampuni zenye busara hazina budi kuendelea kuwachukua vijana, na kuwapa kazi kwa ajili ya kuwafundisha, hata kama mashine ingeweza kuimaliza kazi hiyo upesi. Hiyo si hasara. Ni mbegu.

JAMBO HILI LATUHUSU NINI

Huenda mmoja wenu akasema, "Mwalimu, mimi ni mkulima. Mambo ya Marekani yanihusu nini?"

Yanakuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni hii. Fedha zako zimo ndani ya simu, na programu ndiyo inayozitunza. Anayeitengeneza anapotumia akili bandia, wewe una haki ya kutaka awepo mtu aliyeisoma, na aliye tayari kujibu fedha zikipotea. Mtu hawezi kukuambia, "Mashine ndiyo iliyokosea," kisha akaondoka. Duka likikuuzia unga mbovu, humshitaki mzani.

Njia ya pili ni juu ya watoto wako. Kijana akikuambia kwamba anataka kujifunza kutengeneza programu, usimwambie kazi hiyo imekufa. Wala usimwambie atatajirika bila jasho. Mwambie mambo matatu. Kwanza, ajifunze kuandika programu kwa mkono wake mwenyewe, hata kama mashine ipo, kama vile mtoto anavyojifunza hesabu ya kichwa hata kama kuna kikokotoo. Pili, akiitumia mashine, aiulize "Kwa nini?" kila mara, wala asikubali mstari asioweza kuueleza. Tatu, ajue kazi nyingine vizuri: ya shamba, ya zahanati, ya duka au ya bandari. Mashine imesoma maandishi mengi, lakini haikuketi na karani wa ushirika wenu wakati wa kupima kahawa. Anayeijua kazi hiyo ndiye ajuaye maswali yake.

Ndugu wasikilizaji, watu wazima wengine huona haya kuanza kusoma wakiwa na mvi. Wengine huwacheka na kuwauliza, "Unasoma ili iweje, wakati simu yaweza kukusomea?" Somo la leo lina jibu lake. Simu yaweza kukusomea, na mashine yaweza kukuandikia. Lakini kama huwezi kuyasoma maneno yale mwenyewe, utajuaje kwamba imekusomea kweli? Jambo hilo ni moja, kwako wewe uliye darasani na kwa fundi mkubwa aliye mbele ya kompyuta yake huko Marekani.

Kwa leo tunaishia hapa. Katika somo lijalo tutazungumza juu ya fundi wa maji. Kwaherini.

MANENO YA KUJIFUNZA

Programu: orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata.
Akili bandia: mashine iliyojifunza kutokana na maandishi mengi, nayo huandika kwa kukisia.
Kukisia: kutoa jibu bila kuwa na hakika.
Mwanagenzi: mtu anayejifunza kazi kwa fundi.
Makadirio: hesabu ya mambo yanayotazamiwa kuja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika mfano wa kupeleka fedha, kwa nini amri ya tatu na ya nne zinapaswa kwenda pamoja?
2. Mashine ya kutafsiri ya mwaka 1957 inatofautianaje na akili bandia ya leo?
3. Mafundi 16 wa mwaka 2025 walijidhania nini, na saa ilionyesha nini?
4. Katika kijiji chenu, wanagenzi wa useremala au ushonaji huanza na kazi zipi? Zikifanywa na mashine, watajifunzaje?
5. Andika mistari mitano kuhusu karatasi moja ambayo hungekubali kuitia sahihi bila kuisoma.